Kitabu cha Vipimo vya Vitambaa

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa saba

Jua zuri. Nimetoa vitabu vyote nje, juu ya mukeka wa muchele. Kiangazi ndiyo dawa yao. Mvua ikirudi ni ukungu na muchwa, na mimi sina tena nguvu ya kupigana na vyote viwili.

Nimevigeuza kimoja kimoja. Kile cha muganga wa zamani, jalada jekundu. Kile cha mashini ya lori, kina mafuta mpaka leo, ukikifungua kinanuka gereji. Cha saa za gari-moshi. Gari-moshi lenyewe, nani anajua saa zake! Cha mupima pamba, toka wakati wazee wetu walilimishwa pamba kwa fimbo. Kamusi ya Kifaransa, ndogo kama kipande cha sabuni. Vyote vya mufuko. Kikubwa sikitaki. Kikubwa kinakaa juu ya meza ya mukubwa. Kidogo kilitembea na mutu, kina jasho lake.

Wapita njia wamecheka kama kawaida. Mumoja kasimama na baiskeli yake: "Mama Vitabu, unavianika utavila na bugali?" Nimemwambia apite, ananizibia jua.

Nimetia majani ya tumbako katikati na kuvirudisha katika sanduku la bati. Karanga za kuuza nimekaanga kidogo tu. Sina roho ya kazi. Zaina, binti yangu aliyeolewa Kabambare, hajapiga simu. Mutoto yule hupiga kila siku ya soko. Rezo ya simu ya Kabambare ni mbaya, najua. Moyo haujui rezo.

Jumanne, tarehe 2

Sasa najua kwa nini hakupiga.

Asubuhi amekuja Shabani wa pikipiki, anayebeba watu wa Kabambare. Amekataa kukaa. Mutu akikataa kukaa, ujue.

Faida mugonjwa. Faida ni muke mwenzake Zaina, yule mudogo, anatoka upande wa Lusangi. Tumbo, moto wa mwili, hasimami. Alianza siku ya zamu ya Zaina kupika. Alikula sombe ya Zaina, yale majani ya muhogo, kesho yake akaanguka. Sasa mama mukwe, Bi Mwanaidi, anasema binti yangu aliweka kitu. Kaka zake Faida wamesema dada yao akifa watakuja, na hawatakuja kwa maneno.

Asumani, mume wao, hajasema kitu. Huyo hajawahi kusema kitu tangu nimujue.

Halafu Shabani ameangalia chini. "Bibi, wamesema uwaletee kile kitabu. Zaina aape juu yake."

Kitabu changu. Nimeketi peke yangu uani mpaka karanga zikaungua.

Jumatano, tarehe 3

Sijalala vizuri. Naandika ili kichwa kitulie.

Mimi sikukanyaga darasa hata siku moja. Herufi alinifundisha Zaina akiwa binti mudogo, kwa kaa la jiko, kwenye ukuta wa jikoni. Aliniambia: Mama, shika kaa vile unashika chumvi. Vitabu vilianza na karanga. Nilikuwa nanunua makaratasi ya kale ya kufungia, marundo ya misioni na ya maduka yaliyokufa. Ndani ya rundo natoa kitabu kidogo kimoja, kizuri, mukono unakataa kukipasua. Basi nikawa navitenga.

Hicho wanachotaka kina herufi za Kiarabu, jalada la ngozi, kimekuwa cheusi kwa kushikwa. Marehemu Mwalimu Ramazani alinisomea. Mbele kuna Bismillah, kama kitabu chochote cha mwislamu mwenye adabu. Baada ya Bismillah: vitambaa. Jora moja ni mikono mingapi, kaniki, merikani. Frasila za pembe na nta. Miezi. Kitabu cha mufanyabiashara, cha kubeba ndani ya kanzu safarini. Mwalimu alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Lakini mutu mumoja wa hapa mutaani aliibiwa mbuzi. Imamu alikuwa safarini, na mushukiwa akaona kitabu changu juani, akaweka mukono, akaapa. Baada ya siku chache mguu ukamuvimba. Akarudisha mbuzi. Toka siku ile kitabu kina jina. Niliwaambia wote: ni vipimo vya vitambaa! Wakatazamana. Wakasema Mama Vitabu anaficha.

Nikienda Kabambare niseme ni vitambaa, watasema naogopa kiapo. Mama anaogopa, basi binti ana hatia. Nikinyamaza, binti yangu ataweka mukono juu ya kaniki na merikani, mbele ya Mungu, na watu watasubiri mguu uvimbe. Na Zaina ana miguu inayovimba kila akisimama sana!

Nisipoenda kabisa, ni hatia pia.

Watoto wake watatu. Akifukuzwa, wao wanabaki kwa baba.

Alhamisi, tarehe 4

Rezo imefunguka saa ya adhuhuri. Nimemupata.

Nimeuliza moja kwa moja. Mimi sijui njia nyingine. "Zaina, uliweka kitu?"

Kimya. Nikadhani imekatika.

"Hata wewe, Mama?"

Halafu ikakatika kweli. Nimepiga, nimepiga, yule mwanamuke wa ndani ya simu ananiambia Kifaransa chake.

Nilikosea? Ningeuliza vipi? Zaina namujua. Ana roho nzuri na hasira mbaya. Faida alipoletwa pale nyumbani Zaina alivunja sahani zote za harusi yake. Zote. Mimi mwenyewe niliokota vipande. Mutu anayevunja sahani haweki sumu, anavunja sahani. Hivyo najiambia. Najiambia sana, na hilo ndilo silipendi.

Ijumaa, tarehe 5

Baada ya sala nimepita kwa jirani yangu Mama Sifa, anayekaanga mikate pembeni ya kanisa. Rafiki wa miaka. Nimemweleza yote.

"Choma hiyo kitu," amesema. "Uwaambie muchwa wamekula."

"Sichomi kitabu chenye Bismillah."

"Basi apa wewe pahali pake. Wewe umezeeka, hata mguu ukivimba ni mwili tu."

Nimecheka. Sikutaka kucheka. Amenifungia mikate ya njia, akasema atamuombea Zaina kwa Bikira, na nisikatae maana Bikira hachagui dini. Sikukataa. Leo nachukua kila kitu.

Kuna jambo aliloniuliza ambalo halinitoki. "Na huyo Faida, iko hospitali gani?"

Sikujua. Hakuna aliyenitajia hospitali.

Jumamosi, tarehe 6

Naandika Lusangi, kwa ndugu wa Shabani. Mugongo umekufa.

Tulitoka Kasongo alfajiri. Barabara ni mabonde tu, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Mara mbili nimeshuka nitembee, Shabani anasukuma. Nyororo imekatika, tumengoja. Kitabu nimekifunga ndani ya kikwembe changu cha kujifunga, juu ya tumbo, kama mutoto. Nimekichukia njia nzima, na kila bonde nimekishika kisianguke.

Wachimbaji wa dhahabu wamejaa hapa, vijana wa kila upande, wote wanaimba. Nimeuliza kama wanawajua kaka zake Faida. Wanawajua. "Bibi, wale wanakunywa toka juzi, wanaongea panga tu."

Sijui nilitaka kusikia nini.

Nimejaribu Zaina. Hapatikani.

Jumapili, tarehe 7

Nimefika Kabambare. Nyumba nzima imenipokea vizuri mno. Maji ya kunawa, kiti, karibu Bibi, pole Bibi. Macho yao kwenye tumbo langu, pale kitabu kilipo.

Zaina amenisalimia kwa mukono. Hakunikumbatia. Amekonda. Jiko lake baridi, hakuna anayekula chakula chake, hata mume. Watoto wanakula kwa shangazi yao.

Nimeomba kumuona Faida. Bi Mwanaidi hakutaka, nimeingia.

Mungu wangu. Mutoto yule anaungua. Midomo imepasuka, ulimi mweupe, tumbo gumu. Wanamunywesha mafuta ya mawese na maziwa ili atapike sumu. Nimeuliza: daktari amesema nini?

"Mama, mutu wa sumu hapigwi sindano," amesema Bi Mwanaidi. "Sindano inaikimbiza sumu kwenye roho, anakufa pale pale. Kwanza kiapo. Ukweli ukitoka, sumu inalegea."

Imamu wao alikataa kutoa Msahafu. Aliwaambia Msahafu si mutego wa panya. Ndiyo sababu wakataka changu. Msahafu si mutego, changu ndicho cha kutegea.

Faida amenishika kidole. Hajui mimi ni mama wa nani, nadhani. Au anajua. Umri wake ni wa kuwa mujukuu wangu. Sikuwa nimemufikiria hata kidogo toka Kasongo. Njia yote nilikuwa na binti yangu tu kichwani.

Kiapo ni kesho.

Jumatatu, tarehe 8

Nitaandika vile ilivyokuwa.

Walikusanyika uani. Wazee wa ukoo, wanawake nyuma, kaka wawili wa Faida mulangoni, macho mekundu. Zaina ameoga, amevaa nyeupe, ushungi umefungwa vizuri. Alikuja mwenyewe, hakuna aliyemuvuta. Muzee akasema, lete kitabu.

Nikakifungua kikwembe. Nikaona mukono wa Zaina unakuja. Mukono ule ule ulionifundisha herufi kwa kaa. Nikakivuta kitabu.

Sikupanga. Mukono wangu ulikivuta tu.

Nikasikia mutu nyuma yangu amesema "Eeh!" vile wanawake wanasema wakiona nyoka.

Basi nikafungua katikati, pale kwenye mistari mirefu ya mikono na jora, nikaweka kidole, na nikawapa uongo mukubwa kuliko wote niliosema maishani mwangu.

"Kitabu hiki kina masharti," nimesema. "Hakipokei kiapo juu ya mugonjwa ambaye daktari hajamuona. Mukikilazimisha, kinawageukia wenye nyumba."

Bi Mwanaidi akasimama. "Masharti gani haya? Mbona hatukusikia?"

"Muliuliza?"

"Yule wa mbuzi hakuambiwa masharti!"

"Mbuzi hakuwa mugonjwa."

Muzee mumoja akakohoa, nadhani alikuwa anacheka. Lakini masharti wanayajua wote, hakuna dawa bila masharti, hakuna kitu chenye nguvu bila mwiko wake. Ningewaambia ni vitambaa, wangenicheka. Nimewaambia mwiko, wakaogopa.

"Na sindano?" akauliza kaka mukubwa wa Faida. "Ikimuua?"

Nilimutazama. "Ikimuua, mimi niko hapa. Siendi popote. Utanikuta kwenye kiti hiki."

Wakambeba Faida kwa pikipiki mpaka hospitali, katikati ya watu wawili, kichwa kimeanguka begani mwa kaka yake. Nikabaki kwenye kiti.

Zaina alikuwa bado amesimama, mukono mbele. Akaushusha. Akaingia ndani bila kuniangalia.

Jioni

Nimemwita Zaina nikamwambia apike. Akasema, kwa nani? Nikasema, kwangu. Sombe. Weka mafuta mengi.

Amepika. Nimeketi uani, pale wote wananiona, Bi Mwanaidi, wifi zake, majirani waliojifanya wanapita. Nimenawa. Nimekata tonge.

Naandika ukweli maana hapa hakuna anayesoma ila mimi. Tonge la kwanza lilichelewa kushuka. Kidogo tu. Nilimeza, nikala sahani yote, nikasafisha kwa kidole. Ilikuwa tamu. Sombe ya Zaina siku zote ni tamu.

Lakini Zaina alikuwa amesimama kwenye mulango wa jiko, na aliona lile tonge.

Jumanne, tarehe 9

Hakuna habari. Hospitali wamechukua damu. Asumani amekwenda, amerudi, amesema "wanaangalia" na kuketi. Mwanaume wa maneno mawili.

Kaka mudogo wa Faida amekuja kuhakikisha kama bado niko kwenye kiti. Niko. Nimemupa mukate wa Mama Sifa, umekuwa mugumu kama kigae. Amekula. Nimemuuliza mama yake alikufa lini, vile ngozi yake imekauka hakuna wa kumupaka mafuta. Amesema zamani. Amekaa muda. Panga alikuwa ameliweka chini ya kiti chake, amelisahau alipoondoka. Nimemwita arudi alichukue. Sijui kama ni akili au ujinga.

Kila pikipiki ikinguruma nageuka kutazama njia. Faida akifa, sindano imemuua, na sindano ni mimi. Zaina wataanza naye. Kaniki na merikani haitawazuia.

Nimesali na kusali. Mungu anajua nilidanganya juu ya jina lake lile la ukurasa wa kwanza. Tutaongea Yeye na mimi.

Jumatano, tarehe 10

Tifoide.

Nimekwenda mwenyewe hospitali, nimesimama mbele ya muganga, kijana mwenye miwani, nikamwambia aniambie kwa Kiswahili cha watu. Tifoide, Bibi, homa ya matumbo. Toka siku nyingi, kabla ya sombe yoyote. Inatoka kwenye maji. Mungengoja tena kidogo utumbo ungetoboka. Ametugombeza sote kama watoto, mimi, Asumani, Bi Mwanaidi. Sindano ngapi alishapiga sijui. Faida hajafa. Amekunywa uji.

Nimeegemea ukuta. Nimelia mbele ya watu. Sina haya.

Bi Mwanaidi amesema polepole, "Kitabu kimefanya kazi."

Ningempiga.

Ijumaa, tarehe 12

Faida anaketi. Zaina ndiye anamuosha. Hakuombwa na mutu. Anaingia na ndoo, anatoka na nguo chafu, anarudi. Wale wawili hawaongei. Maji tu.

Leo Bi Mwanaidi amenijia hospitali, mbele ya kitanda cha Faida. Amesema daktari ameshaona, masharti yametimia, sasa Zaina aape ili mambo yaishe vizuri. Nilifungua mudomo na sikuwa na uongo mwingine ndani yake. Nilikuwa nimekauka.

Faida akajiinua kwa kiwiko. Sauti ndogo kama ya kifaranga. "Mama, tumbo ni langu. Ni mimi nilikula. Sitaki kiapo juu ya tumbo langu."

"Wewe lala, mwana, uko mugonjwa."

"Nitalala mukitoka."

Tumetoka. Kaka zake walikuwa mulangoni, wamesikia. Yule mukubwa amesema yeye anarudi kwenye shimo lake, kazi imelala. Hivyo tu. Siku zote hizi za kutisha, halafu mutu anasema kazi imelala.

Nimemutafuta Zaina. Alikuwa anasuuza ndoo. Nilimwambia kuhusu kitabu, vitambaa, Mwalimu Ramazani, yote. Nilidhani atacheka. Amesema, "Kwa hiyo ulikivuta kwa sababu ni cha vitambaa?"

Nikasema ndiyo.

"Mama. Unasema uongo vibaya sana. Ulikuwa unaogopa mukono wangu."

Kweli sijui. Labda niliogopa Faida afe. Labda niliogopa ule mukono. Yote yalikuwa ndani ya kuvuta kumoja.

Jumapili, tarehe 14

Kasongo. Shabani alinileta kwa mwendo wa konokono, nimemushukuru.

Zaina alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Alinifunga kikwembe mugongoni vizuri, akaniwekea maji. Watoto walinishika miguu. Yeye alisimama pembeni.

Mama Sifa amekuja na maswali yake. Nimemwambia kesho.

Jumanne, tarehe 16

Wanawake wawili wamekuja kuniuliza kitabu. Habari inakimbia kuliko pikipiki. Mumoja ana mutoto mugonjwa. Nimewaambia ni cha vipimo vya vitambaa, nimewafungulia, nimewaonyesha. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Basi nikamuuliza wa mutoto, daktari amemuona? Hapana. Nikamwambia ajue mwiko. Akaondoka kwa haraka kuelekea hospitali, kikwembe kinapepea.

Sitasema tena. Wakitaka mwiko watapata mwiko.

Simu hailii.

Alhamisi, tarehe 18

Asubuhi baridi. Nimefagia. Nimekaanga karanga, safari hii haikuungua hata moja.

Adhuhuri simu imelia. Zaina.

"Mama, umeamukaje?"

"Vizuri. Wewe?"

"Vizuri. Faida amerudi nyumbani jana."

"Alhamdulillahi."

Nikasema, "Zaina, nilikosa kukuuliza vile." Sikuongeza kitu. Ningeongeza ningeharibu.

Nikasikia kitu kinagonga, tu, tu, tu. Nikauliza ni nini hicho.

"Kinu," akasema. "Ni sombe. Faida amekazania kuila toka asubuhi."

Simu alikuwa ameibana begani, nilisikia pumzi yake. Sikukata. Yeye pia hakukata. Nimeketi kwenye kizingiti, simu sikioni, nikasikiliza akitwanga mpaka inite za simu zikaisha.